Kaptula ya Mandela

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari ya kaptula.

Tarehe 12 Juni 1964, mjini Pretoria, Afrika Kusini, wanaume wanane walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kupambana na serikali ya ubaguzi wa rangi. Sita walikuwa Waafrika, miongoni mwao Nelson Mandela na Walter Sisulu. Wa saba, Ahmed Kathrada, alikuwa na asili ya Kihindi. Wa nane, Denis Goldberg, alikuwa Mzungu.

Hukumu ilikuwa moja, lakini hata gerezani rangi iliwatenganisha. Goldberg alibakizwa Pretoria, kwenye gereza la Wazungu. Saba wakapelekwa kisiwa cha Robben, majira ya baridi. Wakagawiwa nguo. Kathrada, mdogo wao kwa umri, akapewa suruali ndefu na soksi. Mandela na Sisulu, watu wazima wenye watoto, wakapewa kaptula kama wavulana, na soksi hawakupata.

Je, Mandela alimchukia Kathrada? Hata kidogo. Alijua suruali ile haikushonwa na Kathrada. Ilishonwa na sheria. Wakabaki ndugu mpaka kifo kilipowatenganisha.

Sasa sikilizeni jambo linalonigusa zaidi. Sisi Waswahili tulizoea kuiita serikali ile "Makaburu", jina la jamii moja ya Wazungu wa huko, kana kwamba kila Kaburu ni serikali. Lakini wakili aliyeongoza utetezi wa watu wale, Bram Fischer, alikuwa Kaburu wa kuzaliwa. Mwaka 1966 naye akafungwa maisha kwa sababu hiyohiyo ya kuupinga ubaguzi. Neno letu lilimweka kapu moja na waliomfunga. Hatukumtendea haki.

Hapo ndipo penye mpaka kati ya kukosoa na kuchukia, wanangu. Anayeikosoa serikali hutaja tendo, hutaja sheria, humtaja aliyeamuru. Mwenye chuki hutaja damu, dini au rangi. Tena, tendo likikoma na haki ikatendeka, mkosoaji huridhika. Mwenye chuki haridhiki, maana kosa analoliona ni kuzaliwa kwa mwenzake.

Leo mnasikia ubishi mkali juu ya Israel na Gaza. Anayesema serikali ya Israel imeua raia na iwajibike, anaikosoa serikali. Anayemtukana Myahudi dukani kwake Paris, mtu asiyeamuru bomu lolote, anabagua. Vivyo hivyo, anayelaani mauaji yaliyofanywa na kundi la Kipalestina la Hamas tarehe 7 Oktoba 2023 analaani tendo. Anayemwita kila Mpalestina au kila Mwislamu gaidi, anabagua.

Na mjihadhari na hila mbili. Mtawala akibanwa kwa maovu yake, huweza kulia kwamba taifa lake linachukiwa, ili watu wanyamaze. Na mwenye chuki huweza kujivika joho la siasa, ili matusi yake yaonekane hoja. Msimnyamazie wa kwanza, wala msimpigie makofi wa pili.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo iacheni kwenye tenga la samaki. Msiipeleke kwa watu. Mkisikia taifa au kabila linalaumiwa, ulizeni kwanza: nani alitenda, na alitenda nini? Asiyeweza kuwajibu hilo, msimfuate.