Sato na Kambare Katika Bwawa Moja

Katika mabonde ya Rubongi, karibu na mji wa Tororo, na hata huko Busia mpakani, mtu aweza kuchimba bwawa, akalitunza miezi sita, halafu siku ya kuvua akatoa ndoo tele za samaki wasiozidi urefu wa kidole. Pumba zimekwenda bure, na ada ya shule iliyotarajiwa haipo. Mara nyingi kosa halimo katika maji wala malisho, bali katika kuwachagua wakazi wa bwawa.

Sato, ambaye wengi wa upande huo humwita ngege, ni samaki mpole, mla vijimea vya majini na pumba. Lakini uzazi wake hauna kiasi. Afikiapo umri wa miezi mitatu au minne huweza kuanza kuzaa. Jike huyaatamia mayai kinywani, na watoto wakianguliwa huwakinga humo humo. Ndiyo maana wengi hupona. Punde bwawa hujaa, wote hugombea chakula kile kile, na hakuna akuaye.

Wako wafugaji wateuao madume peke yake, kazi itakayo jicho kali. Njia nyingine ni kumtafutia sato mwenzi wa kupunguza watoto: kambare. Hapa ndipo busara itakiwapo, kwani kambare hula chochote kienecho kinywani mwake. Akitiwa mkubwa siku moja na vifaranga vya sato, atavimaliza. Basi sato watangulie. Wakishakaribia ukubwa wa kiganja, ndipo waletwe kambare walio wadogo kuliko wao. Bwawa la meta za mraba 200 laweza kupokea sato 400, na kambare 20 hadi 40. Kambare hazai kwa urahisi bwawani, hivyo vifaranga vyake hununuliwa kwa watotoleshaji.

Asije mtu akadhani kwamba mlaji mkali zaidi ndiye bora. Sangara, au mbuta, alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 ilipokwisha, aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Ikiwa ziwa zima lilipatwa na hayo, sembuse bwawa la nyuma ya nyumba!

Maji nayo yapimwe kwa mkono. Ukiuzamisha hadi kiwiko na kiganja kikapotea katika ukijani, samadi imetosha. Alfajiri sato wakionekana wakitweta juu ya maji, samadi isimamishwe na maji mapya yaingizwe. Kambare asifanywe kipimo katika jambo hili, kwa kuwa yeye huweza kuvuta hewa ya juu. Uwezo huo huo humwezesha kutambaa juu ya majani mabichi usiku wa mvua. Kwa hiyo kingo za bwawa ziinuliwe, na mfereji wa kutolea maji uwekewe wavu kabla ya masika.