Mvua Inyeshayo Chini ya Dari

Je, umepata kuiona picha ya binti aliyesimama gizani, nywele zimemganda mashavuni, ilhali matone ya mvua yamemzunguka kama shanga za kioo zilizokatika uzi zikasita hewani? Aghalabu picha ya namna hiyo haikupigwa nje wakati wa masika, bali ndani ya studio, mahali ambapo mvua hufunguliwa na kufungwa kwa bilula.

Chombo chenyewe hakina makuu. Mabomba yaliyotobolewa vitundu vidogo vidogo hutundikwa juu, turubai hutandikwa sakafuni na kingo zake zikainuliwa mfano wa birika, na pampu huyavuta maji yaliyokwisha anguka na kuyarejesha juu, yakanyesha tena na tena. Maji hayo yafaa yapashwe moto, kwani mwanamitindo aliyeloa muda mrefu hutetemeka na midomo ikambadilika rangi. Nami naona subira yake yastahiki sifa sawasawa na maarifa ya mpiga picha.

Amma siri ya kazi hii imo katika nuru. Tone la maji halina rangi. Ukilimulika kwa mbele, nuru nyingi hulipenya ikaenda zake, na picha ikatoka kana kwamba hapakunyesha. Kwa hiyo taa huwekwa nyuma ya mtu, ikielekea kamera, na nyuma kabisa likatandazwa pazia jeusi. Nuru iingiapo katika tone hupindwa, ikatoka upande wa pili kuijia lenzi, na kila tone likang'aa. Filamu ya *Singin' in the Rain* ya mwaka 1952 imezushiwa hadithi kwamba maji yake yalitiwa maziwa ili mvua ya mwigizaji Gene Kelly ionekane, walakini kilichoidhihirisha mvua ile ni taa za nyuma.

Linabaki suala la mwendo. Tone lililoanguka mita 3 hufikia kasi ya mita 6 na ushei kwa sekunde, na kamera ikifunguka kwa 1/200 ya sekunde, tone hilo huteremka sentimita 3 hivi, likaonekana mstari. Hapo ndipo fundi azimapo taa za chumba na kutegemea flashi ndogo, zile za kuchomekwa juu ya kamera, ambazo zikipunguzwa nguvu kabisa huwaka kwa muda usiofika 1/10,000 ya sekunde, kiasi ambacho tone halisogei hata milimita moja.

Ikuze sasa picha hiyo, ulitazame tone moja karibu na bega la binti. Halina ncha ya chozi tuliyozoea kuichora: likiwa dogo ni mviringo kama lulu, likiwa kubwa hubonyea chini kwa kusukumwa na hewa, na ndani yake, kwa kuwa tone nalo ni lenzi, ile taa ya nyuma imesimama kichwa chini.