Muuguzi Naye Ana Mgongo

Wengi wenu mnatujua sisi wauguzi kwa sare nyeupe na sindano. Ni wachache wanaojua kwamba zamu ikiisha, wengi wetu twaenda kituo cha basi tumeshika kiuno.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wanawake. Tulikuwa wawili, lakini mwenzangu aliitwa kusaidia wodi ya wazazi. Saa tisa usiku nilimkuta mama mmoja aliyepooza upande, mzito kuliko mimi, ameteleza hadi miguuni pa kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa cha chini, hakipandishwi. Niliinama, nikampitishia mikono kwapani, nikamvuta huku nimejipinda. Hapo nilisikia kitu kama kimekatika kiunoni.

"Pole, Sista," akaniambia. Nilitabasamu tu, nikaendelea na kazi mpaka asubuhi.

Sikumwambia matroni, kwa kuogopa kuitwa mvivu. Kwa miezi minne nilimeza vidonge vya maumivu nilivyojiandikia mwenyewe, mpaka tumbo nalo likaanza kuwaka moto. Nyumbani nikashindwa hata kumbeba mwanangu mgongoni. Mume wangu ndiye aliyesema, "Mke wangu, kesho unakwenda hospitali kama mgonjwa, si kama mfanyakazi."

Kwa nini wauguzi?

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachopunguza mshindo. Ukiinama na kunyanyua mzigo ulio mbali na mwili wako, visahani vya kiunoni hubanwa sana. Ukijipinda wakati huohuo, hatari inazidi. Tena mgonjwa si gunia: hana pa kushika, na anaweza kulegea au kukung'ang'ania shingoni ghafla. Mwaka 2007 wataalamu nchini Marekani walishauri muuguzi asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa. Huo ni uzito wa mtoto wa miaka minne!

Mambo mengine yanayochangia ni uhaba wa wauguzi, kusimama saa nyingi, kukosa usingizi, unene, ujauzito na mawazo mengi. Aliyewahi kuumwa kiuno ni rahisi kuumwa tena. Nasi akina mama, tukitoka kazini, twakuta ndoo za maji, nguo za kufua na ufagio mfupi vinatusubiri.

Tufanye nini?

Chuoni tulifundishwa kukunja magoti na kuuweka mzigo karibu na mwili. Ni vizuri, lakini imeonekana kuwa mafunzo peke yake hayatoshi. Panahitajika mikono ya kutosha, vitanda vinavyopanda na kushuka, na vifaa vya kunyanyulia wagonjwa. Wakuu wa hospitali wasituambie tu "inameni vizuri."

Wakati tunasubiri vifaa, tusimgeuze mgonjwa mzito peke yetu. Kunja shuka mara mbili, litandike chini ya mabega hadi mapajani, kisha watu wawili washike pande zote mbili na kuvuta pamoja kwa kuhesabu. Kitanda chenye magurudumu kifungwe breki kwanza. Mgonjwa mwenye nguvu kidogo aombwe kusukuma kwa miguu. Na ukiumia, toa taarifa siku hiyohiyo.

Usilale kitandani wiki nzima. Maumivu mengi ya kiuno hupungua baada ya wiki chache, na kutembea taratibu husaidia. Lakini wahi hospitali bila kuchelewa ukiona mguu unaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, au mkojo na choo vinakushinda. Homa, kukonda, au maumivu yasiyokuachia usiku pia yapelekwe kwa daktari, maana hata kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo.

Mimi nilifundishwa mazoezi ya viungo, na polepole nikapona, ingawa siku za kazi nyingi kiuno hunikumbusha. Siku hizi, tunapokwenda na akina mama wa kanisani kuwatazama wagonjwa majumbani, huwafundisha ndugu zao ile njia ya shuka. Nao wana migongo.

Dada yangu, kumhudumia mgonjwa ni upendo. Kumwita mwenzako aje mshikane mikono si uvivu.