Amplifaya za gitaa za bei mbaya: je, zinalipa Kampala?

KAMPALA – Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kwa wafanyabiashara wa vyombo vya muziki jijini Kampala, msemo huo umekuwa ukitumika kuuza kila kitu, kuanzia nyaya hadi spika. Lakini linapokuja suala la amplifaya za gitaa zinazotengenezwa kwa mkono Marekani na Ulaya, hesabu inaonyesha kwamba msemo huo una mipaka yake.

Amplifaya ya aina hiyo huuzwa huko inakotoka kwa dola 2,500 hadi 4,000, na nyingine huzidi hapo. Amplifaya ya kawaida ya kiwandani, yenye nguvu ya kutosha ukumbi mdogo au kanisa la wastani, hupatikana kwa chini ya dola 500. Zote mbili zinafanya kazi moja: kuchukua umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa na kuukuza hadi usikike.

Soko la Kampala lipo. Bendi za moja kwa moja hazijafa licha ya muziki wa kompyuta. Afrigo Band, iliyoanzishwa mwaka 1975, imedumu kwa miaka mingi ikiwa na wapiga magitaa jukwaani. Hoteli, makanisa, studio na sherehe za harusi na kwanjula zote zinahitaji vyombo. Swali la mfanyabiashara ni moja: je, aingize chombo kimoja cha dola 3,000, au vingi vya dola 400?

Pesa inakwenda wapi

Bei ya chombo cha mkono ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni kazi ya mikono. Katika amplifaya ya kiwandani, vipuri hupangwa na mashine kwenye bodi ya saketi. Katika zile za mkono, fundi huunganisha waya mmoja mmoja na kulehemu kila kiungo. Karakana inayotoa vyombo vichache kwa wiki haiwezi kugawa gharama zake kama kiwanda kinachotoa maelfu.

Ya pili ni vipuri. Nyingi kati ya amplifaya hizi hutumia valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama balbu, badala ya transista. Valvu zinahitaji transfoma kubwa za chuma na shaba, na hapo ndipo uzito unapotoka. Chombo kimoja kinaweza kufikia kilo 30.

Ya tatu ni jina, na hapa ndipo mfanyabiashara anatakiwa kuwa macho. Mfano unaotajwa sana ni wa fundi wa California, Alexander Dumble, aliyefariki mwaka 2022. Katika maisha yake yote alitengeneza takriban vyombo 300 tu, na baadhi ya saketi zake alizifunika kwa gundi ngumu ili zisiigwe. Vyombo vyake vilivyotumika vimeuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Bei kama hiyo hailipii waya na shaba. Inalipia uchache, kama ilivyo kwa mchoro wa msanii maarufu.

Funzo kutoka London

Historia ya biashara hii ina somo kwa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wapiga gitaa wa Uingereza walitaka amplifaya za Fender kutoka Marekani, lakini usafiri na ushuru ulizifanya kuwa ghali mno. Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki magharibi mwa London, aliwatumia mafundi wake kutengeneza chombo chao. Mwaka 1962 wakatoa JTM45, ambayo saketi yake ilifuata kwa karibu ile ya Fender Bassman, ikitumia vipuri vilivyopatikana Uingereza. Kutokana na ugumu wa kuagiza nje, jina jipya likazaliwa, na baadaye likauzwa dunia nzima.

Nao watengenezaji wa leo wa vyombo vya mkono, kwa sehemu kubwa, wanarudia saketi za zamani za Fender, Marshall na Vox kwa vipuri bora na uangalifu zaidi. Teknolojia yenyewe si mpya. Mnunuzi analipia ubora wa utengenezaji.

Je, tofauti inasikika?

Inasikika, lakini si kila mahali. Mpigaji aliyesimama mbele ya chombo kizuri cha valvu huhisi namna sauti inavyoitikia vidole vyake: akigusa taratibu inakuwa safi, akipiga kwa nguvu inakwaruza kidogo. Katika studio yenye maikrofoni nzuri, tofauti hiyo huingia kwenye rekodi.

Kwenye ukumbi wa Kampala mambo hubadilika. Maikrofoni huwekwa mbele ya amplifaya, sauti hupita kwenye mikisa, kisha hutoka kwenye spika kubwa pamoja na ngoma, kinanda, besi na waimbaji wanne. Msikilizaji aliye meza ya kumi anasikia spika za ukumbi. Kama spika hizo ni mbovu, dola 3,000 zilizowekwa jukwaani haziwezi kuziokoa.

Mtindo wa muziki nao unahusika. Rumba na muziki wa bendi wa ukanda huu hupenda gitaa safi, lenye sauti ang'avu isiyokwaruza. Kwa kazi hiyo, chombo cha transista kinatosha kabisa. Roland JC-120 ya Japani, iliyotoka mwaka 1975, haina valvu hata moja, na bado inatumika duniani kote kwa ajili ya sauti safi. Kwa upande wa kadongo kamu, muziki ambao jina lake lenyewe linamaanisha gitaa moja dogo, gitaa kavu mara nyingi linaweza kuchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa.

Muuzaji anapaswa pia kuwa mkweli kuhusu wati. Kuongeza nguvu kutoka wati 15 hadi 30 huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa kuongezeka takriban mara kumi.

Kutoka meli hadi duka

Wengi hukosea kwenye forodha. Gitaa la umeme huingia katika sura ya 92 ya orodha ya ushuru, pamoja na vyombo vya muziki. Amplifaya inayokuja peke yake haimo humo. Huingia katika sura ya 85, kichwa 8518, pamoja na maikrofoni na spika. Kuandika shehena yote kuwa ni "vyombo vya muziki" ni kukaribisha ucheleweshaji na faini.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Wakala wa forodha athibitishe kiwango cha shehena husika kabla ya kuagiza. Kwa mfano, tuchukue asilimia 25.

Amplifaya ya dola 3,000, ikiongezwa usafiri na bima dola 300, inakuwa na thamani ya dola 3,300. Ushuru ni dola 825. VAT ya asilimia 18 juu ya thamani pamoja na ushuru ni dola 742.50. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni dola 198. Tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni dola 49.50. Jumla ya kodi ni dola 1,815, na chombo kinasimama kwa dola 5,115 kabla ya malipo ya wakala, ada nyingine na lori.

Ile ya dola 400, kwa usafiri wa dola 60, kwa hesabu hiyo hiyo inasimama kwa dola 713. Tofauti iliyokuwa dola 2,600 huko nje imefika dola 4,402 Kampala. Kwa pesa ya chombo kimoja cha mkono, mfanyabiashara anaweka dukani saba vya kawaida na bado anabaki na chenji.

Ni kweli kwamba aliyesajiliwa VAT anaweza kuidai, na kodi ya zuio huhesabiwa kwenye kodi ya mapato. Lakini pesa hiyo hutoka kwanza, na hurudi baadaye. Kwa mwenye mtaji wa mkopo, muda huo una riba.

Wapo wanaofikiria kununua Nairobi na kuvuka Busia au Malaba kwa utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wenye mizigo isiyozidi dola 2,000. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya. Amplifaya ya California haipati asili ya Kenya kwa kuuzwa Nairobi. Msafirishaji anayebeba vyombo vya bendi kuvuka mpaka naye abebe stakabadhi za kodi na orodha yenye namba za kila chombo, vinginevyo anaweza kulala mpakani.

Barabara, umeme na spea

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Valvu ni kioo, na mtikisiko ndio adui yake. Valvu zifungwe peke yake, transfoma nzito zikaguliwe skrubu, na boksi liwekwe wima juu ya mzigo, kamwe si chini ya saruji. Bima itaje kuvunjika, si wizi peke yake.

Umeme ni mtego wa pili. Uganda hutumia volti 240 na hezi 50. Chombo cha soko la Marekani mara nyingi kimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, na kikichomekwa moja kwa moja huungua. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, lakini transfoma ya ndani iliyopimwa kwa hezi 60 peke yake hupata joto zaidi kwenye hezi 50. Aagizaye adai toleo la volti 230 au 240 kwa maandishi. Kidhibiti umeme nacho kiingie kwenye bei.

Mtego wa tatu ni spea. Valvu za nguvu huchoka, na kwa anayepiga kila wiki hudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Viwanda vikubwa vilivyobaki viko Urusi, Slovakia na China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, valvu za kiwanda cha Saratov, Urusi, zilisimama kwa muda kutoka nje, na bei ikapanda dunia nzima. Mwenye chombo Kampala bila seti ya akiba angekaa kimya.

Hata hivyo, kuna jambo moja la kuzitetea amplifaya za mkono. Fundi mzuri anaweza kufungua, kuona kila waya na kubadili kipuri kimoja. Kwenye chombo cha bei nafuu, bodi ikiungua mara nyingi hutupwa nzima. Anayetaka kutumia chombo kwa miaka 20 ana hoja.

Nani anunue?

Chukua mwenye kukodisha vyombo. Tuseme chombo cha mkono kinamwongezea dola 20 kwa kila onyesho kuliko cha kawaida. Kufidia ile tofauti ya dola 4,402 anahitaji maonyesho 220 hivi. Kwa mawili kwa wiki, ni zaidi ya miaka miwili, na katikati atakuwa amenunua valvu. Studio yenye wateja wanaoomba sauti hiyo kwa jina inaweza kufika huko. Kanisa au bendi ya hoteli ni vigumu.

Ushindani mwingine ni wa kidijitali. Tangu Kemper ya Ujerumani ilipotoka mwaka 2011, kuna mashine zinazonakili sauti ya amplifaya halisi na kuibeba kwenye kiboksi. Zinapungua uzito na bei, na haziogopi mashimo ya barabarani.

Kwa mfanyabiashara, hitimisho ni wazi. Chombo cha mkono kiagizwe kwa oda tu, malipo ya awali yakitosha kufunika bei ya kiwandani na usafiri, pamoja na seti ya valvu za akiba. Kisikae kwenye rafu kikisubiri mteja, kwa sababu wanunuzi wake jijini ni wachache na kukirudisha sokoni nje ni gharama nyingine. Mtaji wa kila siku uende kwenye vyombo vya kati vyenye spea na fundi.

Na kwa mwanamuziki mwenye dola 5,000 mkononi, ushauri ni kuanza na spika nzuri za ukumbi, maikrofoni na kidhibiti umeme. Kikibaki kitu baada ya hapo, ndipo swali la amplifaya ya mkono lianze kuulizwa.