Mtindi ukigoma kuganda, uliza ng'ombe alitibiwa lini

MFANYABIASHARA wa mtindi huchemsha maziwa, akayapoza, akatia mbegu jioni na kufunika. Asubuhi akikuta maziwa bado ni maji, lawama huangukia mbegu au baridi ya usiku. Hizo zinaweza kuwa sababu, lakini ipo nyingine inayoanzia zizini: dawa ya ng'ombe.

Mtindi hugandishwa na bakteria wa asidi laktiki, wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi inayoleta uchachu. Penisilini anayopewa ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele huua bakteria wa ugonjwa, lakini huweza kuwaua na hawa wa mtindi.

Kiasi kinacholeta matatizo ni kidogo mno. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu mikrogramu 4 tu za penisilini katika lita moja ya maziwa. Maana yake, miligramu 1 inatosha kulifikisha tangi la lita 250 kwenye kikomo hicho. Hivyo ng'ombe mmoja anaweza kuharibu maziwa ya wafugaji wengi. Kuchemsha nako hakuiondoi dawa hiyo.

Aidha, maziwa yasiyochachuka hukosa asidi inayozuia vijidudu vya magonjwa kukua. Wala mbegu inayostahimili dawa si ya kujivunia, kwani baadhi ya bakteria hao hubeba vinasaba vya usugu na wanaweza kuvipitisha kwa bakteria wa magonjwa.

Mfugaji anashauriwa kusoma kwenye lebo siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho, na kumfunga ng'ombe huyo utepe ili mkamuaji amtambue. Hata kama imetibiwa chuchu moja, maziwa ya chuchu zote nne yasiuzwe.

Mnunuzi naye, kabla ya kuchanganya, anaweza kugandisha kikombe kimoja cha maziwa ya kila mfugaji kwa mbegu ileile. Kikombe kinachogoma peke yake ni cha kutiliwa shaka, ingawa uthibitisho hutoka maabara.

Kumwaga maziwa kunauma. Lakini ng'ombe wa lita 8 kwa siku, akisubiriwa siku 4, hupoteza lita 32. Tangi likiharibika zinapotea lita 250, pamoja na imani ya mnunuzi, ambayo hairudi kwa siku 4.