Kingamwili ni shahidi, mpime kwanza

Bandugu, mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili ameniuliza: PD-1 ni nini, na mnaionaje wakati haionekani? Najibu hapa ili wote tufaidike.

Seli T ni askari wa mwili. Askari asiye na breki atapiga mpaka watu wa nyumbani. PD-1 ni mojawapo ya breki hizo, protini iliyo juu ya seli. Iligunduliwa mwaka 1992 katika labo ya Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani, naye akapata Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison. Breki ni nzuri, lakini lori la shaba likishika njia ya Lubumbashi na breki zimegandama, halifiki. Utafiti uliofanywa na wagonjwa wa Durban, Afrika Kusini, ukatolewa mwaka 2006, ulionyesha jambo hilo: seli T zinazopigana na virusi vya ukimwi zilikuwa na PD-1 nyingi na zimechoka.

Tunaionaje? Hapa Likasi hata mtoto akiona jiwe la kijani anajua kuna shaba. PD-1 haina rangi yake, basi tunaipelekea rangi. Kingamwili inayoshika PD-1 tu inabebeshwa rangi inayong'aa. Mashine inapitisha seli moja moja mbele ya leza na kuhesabu zinazong'aa. CD4 nazo huhesabiwa hivyo hivyo.

Na ni CD4 zilizonifundisha. Nikiwa kwenye staji, damu ya mama mmoja ilitoka na CD4 karibu sifuri. Nilishaanza kuandika. Mkubwa wangu akauliza: "Kontroli inasema nini?" Nikanyamaza. Tukapima damu ya kontroli, nayo sifuri! Umeme ulikatika, chupa ya kingamwili ikatolewa kwenye frigo, ikasahauliwa juani. Rangi ilikuwa imekufa. Kwa chupa mpya, CD4 za mama zilikuwa za kutosha. Kidogo tu ningemtia hofu ya bure.

Basi na PD-1 ni vile vile. Kabla ya kuandika "haipo", pima seli T zilizoamshwa kwenye labo, ambazo unajua zinayo. Zikikosa kung'aa, kosa liko kwako, si kwa mgonjwa. Pia uliza kama mgonjwa amepewa nivolumab. Dawa hiyo hukalia PD-1 yenyewe, na kingamwili yako inaweza kukosa pa kushika.

Mdogo wangu, ukiingia labo, anza na kontroli. Mgonjwa atafuata.