Ndani ya kerneli ya Linux (3): Kuwasha saa ni rahisi, kuzima ndiyo kazi

Anayejaribu kuamsha Linux kwenye bodi mpya hukutana mapema na kisa hiki. Bodi inawaka. Ujumbe wa kerneli unateremka mstari baada ya mstari kupitia waya wa siriali: RAM imeonekana, kadi ya SD imeonekana, mtandao umeonekana. Kisha, pengine katikati ya neno, kimya. Hakuna taarifa ya kosa wala harufu ya kuungua. Mgeni wa kazi hii atashuku umeme, atabadilisha waya, ataandika kadi upya. Mzoefu ataongeza neno moja kwenye amri za kuwashia, clk_ignore_unused, na bodi itafika mwisho wa safari.

Neno hilo linaiambia kerneli iziache saa zisizo na mwenyewe. Karibu na mwisho wa kuamka, draiva zilizojengwa ndani yake zikishapata nafasi ya kujitambulisha, kerneli hupitia saa zote inazozijua na kuzima kila iliyo wazi ambayo hakuna aliyeiomba. Ikiwa draiva ya siriali haikuwahi kuiomba saa yake, na ilikuwa ikiandika kwa sababu tu programu ya kuwashia iliiacha wazi, basi hapo ndipo sauti inapokatika.

Sehemu mbili zilizopita zilihusu kumbukumbu na ukatizaji. Leo ni zamu ya draiva za saa, na tukubaliane mapema kwamba saa hizi hazisomi muda. Ni mapigo ya umeme yanayokwenda na kurudi mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila kipande cha chipu hupiga hatua moja kwa kila pigo. Pigo likikoma, kipande hicho husimama hata kama umeme upo. Likiendelea bila kazi, umeme unaliwa bure: katika saketi za aina hii ulaji hupanda sambamba na kasi ya mapigo, na hupanda kwa mraba wa volteji. Simu ya Android, ambayo nayo inaendeshwa na kerneli hii hii, ingekuwa pasi mfukoni kama saa zake zote zingeachwa wazi.

Tuchukue chipu moja ili tusizungumze hewani. Allwinner H3, chipu ya kampuni ya Allwinner iliyoko Zhuhai nchini China, imo kwenye bodi ndogo za Orange Pi PC na Orange Pi One. Karibu kila kitu ndani yake kinaanzia kwenye fuwele moja inayotoa mapigo ya megahezi 24. Nyingine ndogo ya hezi 32,768 huhudumia zaidi saketi ya kutunza muda. Kutoka kwenye megahezi 24, saketi zinazoitwa PLL huzidisha mapigo. Ile ya prosesa hufuata kanuni hii: 24 mara N mara K, kisha gawa kwa M mara P. Ukitaka megahezi 1,008, weka N iwe 21 na K iwe 2, huku M na P zikiwa 1. Unaweza pia kuweka N 14 na K 3, ukapata jibu lile lile. Draiva ndiyo inayochagua, na inachagua kwa kujaribu michanganyiko yote inayoruhusiwa hadi ipate iliyo karibu zaidi bila kuvuka kiwango kilichoombwa. Hesabu yote ni ya namba kamili za hezi, kwa sababu kerneli hukwepa hesabu za desimali.

(Megahezi 24 hizo hizo zina kisa katika chipu ndugu yake, A64. Kihesabio chake cha muda kina kasoro: mara chache husomeka kana kwamba kimerudi nyuma kidogo. Kerneli haiamini kwamba muda unaweza kurudi nyuma, hivyo huhesabu kwamba kihesabio kimezunguka duara zima. Duara la biti 56 kwa megahezi 24 ni miaka 95. Watu waliamka na kukuta bodi zao zimeingia karne ijayo. Mwaka 2019 kerneli ilipewa mbinu ya kuusoma upya usomaji wa kutiliwa shaka.)

Chini ya PLL kuna vigawanyo vinavyopunguza kasi, swichi zinazochagua chanzo, na mageti yanayofungua na kufunga. Geti la siriali ya kwanza ya H3 ni biti ya 16 katika rejista iliyo umbali wa 0x06c kutoka mwanzo wa kitengo cha saa. Andika 1, siriali inapata mapigo. Andika 0, inanyamaza. Mtu anaweza kuuliza: kama kuwasha ni kuandika biti moja, mfumo mzima wa nini?

Watengenezaji wa mwanzo waliuliza hivyo hivyo, na wakajijibu kila mmoja kivyake. Kabla ya 2012 kila familia ya chipu za ARM, usanifu wa prosesa ulio pia ndani ya H3, ilikuwa na msimbo wake wa saa. Majina ya kuitia yalifanana, clk_get, clk_enable na wenzake, lakini yaliyokuwa nyuma ya majina hayo yalitofautiana kabisa, hivyo kerneli moja haikuweza kubeba familia mbili kwa pamoja. Machi 2011 Linus Torvalds alilalamika waziwazi, kwa ukali wake uliozoeleka, kuhusu msongamano wa msimbo wa ARM. Jeremy Kerr wa Canonical alikuwa tayari ameanza kuandika msingi wa pamoja. Mike Turquette wa Linaro akauchukua, akaupanua, na ukaingia katika Linux 3.4 iliyotoka Mei 2012. Huo ndio mfumo unaotumika mpaka leo.

Msingi huo unatenganisha watu wa aina mbili. Mwenye kifaa, tuseme draiva ya kadi ya SD, anasema: naihitaji saa yangu, naitaka megahezi 50, nimemaliza. Hajui lolote kuhusu PLL wala rejista. Mwenye saa, yaani draiva ya kitengo cha saa, anajua kila biti lakini hajui nani anatumia nini. Katikati yao wamekaa wahasibu wa kerneli wanaohesabu maombi. Ni kama taa ya koridoni kwenye nyumba ya kupanga: kila mpangaji anaihitaji kwa wakati wake, hakuna anayejua wenzake wako macho mpaka lini, na akiizima mmoja kwa kuona yeye amemaliza, mwingine atajikwaa kwenye ndoo. Kerneli huzima pale hesabu inaporudi sifuri tu. Na kwa kuwa saa moja huzaa nyingine, ombi la chini hupanda: ukiwasha geti la siriali, mzazi wake anawashwa kwanza, na babu kabla yake, mpaka kwenye fuwele.

Hesabu hizo unaweza kuzisoma mwenyewe. Kwenye bodi ambayo kerneli yake imejengwa na nyenzo za uchunguzi, fungua faili la clk_summary chini ya /sys/kernel/debug/clk. Utaona ukoo wote wa saa, kila mtoto amesogezwa ndani chini ya mzazi wake, pamoja na idadi ya waliomwasha na kasi yake kwa hezi. Kifaa kinachofanya kazi huku saa yake ikionyesha sifuri kinatumia saa ya kuazima, na draiva yake ina kasoro hata kama hakuna aliyewahi kulalamika.

Jambo linalowachosha wanafunzi ni kwamba kuwasha kumegawanywa hatua mbili: clk_prepare, kisha clk_enable. Mimi naona hapa ndipo mfumo huu ulipofikiriwa vizuri kuliko kwingine kote. Geti la kawaida hufunguka papo hapo, na mtu anaweza kulifungua hata ndani ya ukatizaji, mahali ambapo kerneli hairuhusiwi kulala. PLL si hivyo. Ukiiwasha huyumba kwanza, na draiva hungoja biti maalumu, katika PLL ya prosesa ya H3 ni biti ya 28, iseme kwamba mapigo yametulia. Kuna pia saa zilizo nje kabisa ya chipu kuu, kama Si5351 iliyobuniwa na Silicon Labs, ambazo huzungumzwa nazo kupitia I2C, njia ya polepole ambamo kila ujumbe hungoja zamu. Kazi yoyote inayoweza kuhitaji kulala inawekwa katika hatua ya kwanza, chini ya kufuli ambalo anayelingojea hulala. Ya haraka inawekwa katika hatua ya pili, chini ya kufuli ambalo anayelingojea huzunguka pale pale bila kulala. Draiva ya kadi ya SD haijui saa yake ni ya aina gani, wala haipaswi kujua, ndiyo maana inalazimika kupitia zote mbili.

Kubadilisha kasi kuna hatari zake. Draiva ya saa ikiombwa kasi ambayo kigawanyo chake hakiwezi kuitoa, inaweza kumwomba mzazi abadilike, lakini hilo linaruhusiwa pale tu mwandishi alipoweka alama ya CLK_SET_RATE_PARENT. Alama hiyo ni maneno machache, na madhara yake ni makubwa, kwa kuwa mzazi akibadilika watoto wote wanabadilika, waliohusika na wasiohusika. Muziki ndio unaoonyesha vizuri. Sauti ya CD, sampuli 44,100 kwa sekunde, inataka saa ya hezi 22,579,200. Sauti ya video, sampuli 48,000, inataka 24,576,000. PLL moja haiwezi kutoa zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo vifaa viwili vya sauti vinavyoitegemea vikitofautiana, kimoja kitacheza kwa kasi isiyo yake.

Zaidi ya hapo kuna prosesa yenyewe, inayobadilisha kasi ya mapigo yanayoiendesha huku ikikimbia juu yake. Draiva ya H3 hufanya hivi: kabla ya kugusa PLL, inaihamishia prosesa kwenye fuwele ya megahezi 24, inangoja mikrosekunde moja, inabadilisha PLL, inaifunga na kuifungua ili itulie, kisha inairudisha prosesa. Kwa muda huo mfupi sana prosesa inatembea kwa mwendo wa kobe, na mtumiaji hajui.

Turudi kwenye kuzima. Saa za RAM hazina draiva inayoziomba, kwa sababu RAM iliandaliwa na programu ya kuwashia kabla kerneli haijazaliwa. Ukizizima, kerneli inapoteza kumbukumbu yake yenyewe. Mwaka 2016 iliongezwa alama ya CLK_IS_CRITICAL, inayosema saa hii isizimwe kamwe. Katika H3 imewekwa kwenye saa za RAM, za prosesa na za njia ya kumbukumbu, na hapo ni haki yake. Wapo wanaoibandika kila mahali bodi inapoganda, badala ya kumtafuta mtumiaji aliyesahau kuomba. Bodi inapona, betri inakonda, na kosa linabaki limefunikwa.

Kesi ngumu zaidi ni ya skrini. Programu ya kuwashia huonyesha nembo, na kerneli huirithi picha hiyo kupitia draiva nyepesi ya simplefb ambayo kazi yake ni kuandika kwenye kumbukumbu tu. Haikuwa na habari za saa. Kwenye bodi za Allwinner, wahasibu wakazizima, skrini ikaenda giza. Mwaka 2014 watengenezaji walibishana kwa muda mrefu: wengine wakasema draiva nyepesi ibaki nyepesi, wengine wakasema asiyetaja anachotumia asishangae kikizimwa. Walioshinda ni hawa wa pili, na simplefb ikapewa uwezo wa kushika saa. Nadhani ilikuwa sahihi, ingawa naelewa uchungu wa waliotaka draiva isiyojua kitu.

Limebaki swali ambalo mbunifu wa draiva ya saa hawezi kulikwepa: maarifa ya ukoo huu yaandikwe wapi? Linux kwenye ARM hupokea maelezo ya bodi katika faili linaloitwa mti wa vifaa, ambalo huweza kuishi ndani ya bodi bila kubadilishwa kerneli inapobadilishwa. Kwa hiyo kilichokubaliwa humo kinabaki sheria. Draiva ya kwanza ya Allwinner, iliyoanzishwa na Emilio López mwaka 2013, iliandika kila saa peke yake ndani ya mti huo: PLL hii, geti lile, kigawanyo kile. Ilipendeza machoni. Lakini maelezo ya chipu yalikuwa yakigunduliwa polepole, na kila kilichokosewa kilikuwa kimeshawekewa muhuri.

Mwaka 2016 Maxime Ripard alileta muundo mpya, sunxi-ng, akaanza na H3. Mti wa vifaa sasa unataja kitengo kimoja tu cha saa, na kila saa ina namba ndani yake. Majedwali ya biti, N na K, na nani ni mzazi wa nani, yote yamehamia kwenye msimbo wa C ambako kosa linasahihishwa bila kumvunjia mtu bodi. Kilichoganda ni namba peke yake. Draiva hiyo hiyo husajili pia biti za kuanzisha vifaa upya, kwa kuwa zimo katika kitengo kile kile. Kwa siriali yetu ni biti ya 16 tena, safari hii katika rejista ya 0x2d8. Gharama yake ni jedwali refu linaloandikwa kwa kila chipu mpya, kazi ya kuchosha lakini isiyo na hila. Chipu za zamani kama A10 na A20 nazo zilihamishiwa humo baadaye, ila folda ya drivers/clk/sunxi haikufutwa, kwa sababu bodi iliyobeba mti wa mwaka 2013 bado ina haki ya kuwaka kwa kerneli ya leo.

Sehemu ijayo itaingia kwenye hizo biti za kuanzisha upya, na kwenye maeneo ya umeme, ambako kipande kizima cha chipu hukatiwa volteji na si mapigo tu.